Vyura Wanne wa Kianjokoma

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu nilivyokuwa nimenunuliwa kwa harusi ya dada yangu, na kabla ya saa nne asubuhi vilikuwa vimejaa maji ya mto. Ilikuwa mwaka wa 1990, mwanzo wa muhula, katika shule moja ya wasichana juu kidogo ya Kianjokoma, upande wa Embu, pale mashamba ya chai yanapokoma na msitu wa mlima unapoanza. Mwalimu mkuu alinikabidhi funguo tatu, akanionyesha mlango wa maabara kwa kidole, akarudi ofisini kwake. Ndani nilimkuta Mkuu wa Idara ya Biolojia, mzee mrefu mwenye koti jeupe ambalo asidi ilikuwa imelitoboa mfukoni.

"Wewe ndiye fundi mpya wa maabara?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Jina?"

"Igoki."

"Igoki, unaogopa chura?"

Nikasema siogopi. Chuoni nilikuwa nimesomea kupima kemikali na kutunza vifaa, na habari za vyura hakuna aliyewahi kunigusia. Akanipa ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa matundu. "Basi shuka mtoni. Nataka sita. Kidato cha Tatu wanaingia saa tano."

Nyinyi mnaofanya kazi hii sasa mnaonyesha wanafunzi moyo wa chura kwenye kompyuta, na moyo huo hausimami kamwe. Sisi tulikuwa na trei za kupasulia, yaani sahani za bati zilizomiminwa nta chini ili pini zipate mahali pa kushika. Tulikuwa na klorofomu ya kuwalaza wanyama, chupa ya kahawia ambayo mtu hakuifungua bila kufungua dirisha kwanza. Tulikuwa na formalini ya kuhifadhia, nayo ilitutoa machozi hata siku za furaha. Fundi wa maabara aliingia kabla ya somo na kutoka baada yake. Somo likienda vizuri alisifiwa mwalimu. Likiharibika, ziliulizwa funguo ziko kwa nani.

Mkuu wa Idara alikuwa amefundisha tangu enzi za Kidato cha Sita, na mtaala mpya uliokiondoa haukumbadilisha. Alisema msichana ambaye hajaona moyo ukipiga hawezi kuambiwa moyo ni nini. Chura mmoja kwa wasichana wanne, hakuna zaidi. Na aliniwekea sheria moja ambayo hakuiandika popote.

"Wasiotumika wanarudi walikotoka. Usiwapeleke mto mwingine. Dimbwi lilelile."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Mwalimu wangu aliniambia hivyo, nami sikumuuliza. Mtu hurudishwa kwao."

Nikafuata. Kila baada ya somo nilibeba ndoo nikashuka njia ya chai, nikawarudisha waliosalia.

Sijui nikiueleza mto ule mtaniamini. Hata mimi siku hizi naukumbuka kama kitu nilichokiota. Asubuhi ukungu ulikuwa ukishuka kutoka msituni taratibu, ukakaa juu ya maji, na ukiingia ndani yake sauti zote za dunia zilibaki nyuma: kengele ya shule, wachuma chai wakiitana, mbwa. Ilibaki sauti ya vyura. Vyura wa mtoni hawaimbi kama wale wa kwenye matope. Hawa walikuwa wakigonga, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha kwenye mlango wa mbao, polepole, kisha haraka, kisha kimya. Mmoja akigonga chini, mwingine alijibu juu, na jibu lilipanda na mto hadi likapotea msituni. Nilijifunza kulowesha mikono kabla ya kumshika chura, kwa sababu ngozi yake ndiyo pafu lake la pili, na mkono mkavu humuumiza. Nilijifunza kusimama mpaka kivuli changu kikazoeleka. Mara nyingine nilisahau nilichofuata. Nilisimama tu, maji yakipita katikati ya miguu yangu, nikiwa na hakika kwamba ninabishiwa hodi na kitu nisichokijua, na kwamba hakuna haraka ya kufungua.

Miaka mitatu ilipita hivyo.

Mwaka wa nne, vyura wakaanza kunifia kwenye tangi. Tulikuwa na tangi la kioo tulimowaweka siku mbili tatu kabla ya somo. Jumatatu nilikuta mmoja amekufa, Jumanne wawili. Hawakuwa na jeraha. Ngozi ya mapajani ilikuwa imekuwa nyekundu, na vipande vyembamba vya ngozi vilielea majini kama karatasi ya kitunguu. Aliyebaki hai alikaa juu ya jiwe mchana kweupe, nilipomgusa hakuruka.

Mkuu wa Idara alikuja akanusa maji. "Umetumia sabuni, Igoki."

"Sikutumia, mwalimu."

"Basi aliyeosha tangi ametumia. Na anayeosha ni wewe."

Nililiosha tena kwa maji matupu mara saba. Vyura wapya nao wakafa. Siku hiyo, maabara ikiwa tupu, nilichukua kipande kimoja cha ngozi, nikakitandaza kwenye kioo na tone la maji, nikakifunika kwa kioo chembamba, nikakiweka chini ya hadubini. Niliona viduara. Vilikuwa vingi, vimejipanga ndani ya ngozi kama mayai kwenye kapu, na vingine vilikuwa na kijibomba kifupi kinachochungulia nje. Nilivichora kwa penseli katika daftari langu la kazi, kwa sababu chuoni tulifundishwa kwamba usichokijua kichore. Nikamwita Mkuu wa Idara. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

"Mapovu ya hewa," akasema. "Umeweka kioo cha juu vibaya."

Somo la wiki ile alilifundisha kwa chaki. Alichora moyo ubaoni, mzuri sana, wenye vyumba vitatu, wasichana wakaunakili kimya.

Mwisho wa mwaka huohuo niliolewa. Mume wangu alikuwa wa Kibirichia, upande wa Meru, nchi ya viazi, na baada ya miezi michache nikapata kazi katika shule ya sekondari karibu na kwao. Nilikuwa mgeni wa kila kitu. Kiembu changu kilieleweka nusu, Kimeru chao nilikielewa nusu, na iliyobaki tuliijaza kwa Kiswahili. Upepo wa huko ni mkali kuliko wa kwetu, na siku ikiwa safi unaona tambarare za Isiolo chini, kavu na za bluu, kama nchi ya mtu mwingine.

Bosi wangu mpya alikuwa mwalimu mkuu mwanamke, mkali na mwenye haki, tuliyemwita Madam. Muhula wangu wa pili alitangaza siku ya wazazi. "Nataka maabara iwashangaze," aliniambia. "Hawa wazazi wanauza viazi ili watoto wasome. Waonyeshe kitu."

Kijito kilichopita chini ya shule kilikuwa na vyura wengi, lakini wadogo. Nilitaka wale wakubwa wa kwetu, ambao moyo wao unaonekana hata na mtu aliyesimama nyuma. Wiki ile nilikuwa nimekwenda Kianjokoma kumwona baba. Nikashuka mtoni. Walikuwa wamepungua, na kugonga kwao kulikuwa na mapengo, lakini niliowapata walikuwa wazima, wanaruka. Nikawachukua kumi na wawili kwenye ndoo yenye majani yaliyolowa, nikazunguka nao mlima hadi Kibirichia.

Siku ya wazazi ilifana. Mzee mmoja aliuona moyo ukipiga akavua kofia. Jioni, watu walipokwisha kutawanyika, nilibaki na ndoo na vyura wanne.

Niliikumbuka sheria. Nataka hilo mlijue, maana ningeweza kuandika kwamba niliisahau. Niliikumbuka vizuri, na sauti ya mzee nikaisikia. Lakini Embu ilikuwa mbali, nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, na miguu ilikuwa imevimba. Nikasema moyoni, mlima ni mmoja, maji ni yaleyale. Nikashuka kijitoni, nikainamisha ndoo. Wakateleza mmoja mmoja, bila sauti, kama mawazo yanavyomtoka mtu anayesinzia.

Ng'ambo ya kijito kulikuwa na shamba la viazi la mama mmoja mjane, Mama Gatwiri. Aliniona akaniinulia mkono. Nami nikaujibu.

Misimu miwili baadaye, kijito kilinyamaza. Hakikunyamaza siku moja. Kwanza walionekana vyura wamekaa juu ya mawe jua la mchana likiwapiga, hawana habari na mtu. Kisha wakaonekana wanaelea. Watu wakaogopa, kwa sababu ng'ombe walikunywa pale, na chini zaidi watu walichota. Na kila aliyepita aliona shamba la Mama Gatwiri limeshuka hadi ukingoni, naye na bomba lake la kunyunyizia mgongoni, akipiga viazi dawa ya ukungu kama kila mkulima wa Kibirichia anavyofanya. Maneno yakaanza.

Naibu wa chifu akaitisha baraza. Mama Gatwiri alisimama na leso yake begani.

"Mimi nimepiga hiyo dawa miaka mingi," alisema. "Na hao vyura walikuwa hapo tu, wananipigia kelele. Kwa nini wafe sasa?"

Watu wakanung'unika. Naibu wa chifu akageuka, akanitafuta kwa macho. Mtoto wangu Mwenda alikuwa mgongoni.

"Mama Mwenda, wewe ni mtu wa maabara. Tuambie. Ni dawa ama si dawa?"

Nilisimama. Nilikuwa mwanamke wa Embu aliyeolewa Meru, na kwa mara ya kwanza tangu nifike, watu wote walikuwa wakiningoja mimi. Nilihisi utamu wa jambo hilo, siwezi kuficha.

"Chura anapumua kwa ngozi," nikasema. "Kitu chochote kikimwagika majini kinaingia mwilini mwake. Dawa inaweza kuwaua."

Kila neno lilikuwa la kweli. Lakini watu hawakusikia "inaweza", nami sikulirudia.

Ikaamuliwa kwamba Mama Gatwiri asilime tena kipande cha chini, kuanzia kwenye njia hadi majini. Kwenye ramani kipande hicho ni kidogo. Lakini ndicho kilichobaki na unyevu wakati wa kiangazi, na ndicho kilichomvusha kila mwaka. Kiangazi kilipofika, nilimwona alfajiri akipita mbele ya nyumba yetu na jembe, akienda kufanya kibarua katika mashamba ya watu. Mwanamke mwenye ardhi yake. Nilimwamkia, akaitikia. Hakuwahi kunitupia neno baya, na hilo lilinitesa zaidi ya tusi, ingawa wakati huo sikujua ni kwa nini linanitesa.

Na vyura waliendelea kufa. Kipande cha chini kilijaa magugu, hakikuguswa na dawa hata tone, na vyura walikufa mpaka wakaisha. Niliona. Nilipita pale kila siku nikaona, na sikusema kitu.

Miaka ya tisini ilikuwa ukingoni alipokuja kwetu mwalimu mpya wa biolojia, kijana mpole aliyependa kusoma wakati wa chai. Siku moja aliacha gazeti la sayansi wazi juu ya meza ya maabara, nikalisogeza ili nipanguse. Kulikuwa na picha. Viduara vimejipanga ndani ya ngozi, na kijibomba kifupi kikichungulia nje.

"Mwalimu, hivi ni nini?"

"Aa, hiyo. Ni ugonjwa wa vyura umegunduliwa. Ni aina ya kuvu, ukungu. Unakaa kwenye ngozi, chura anashindwa kupumua. Wanasema umemaliza vyura wa milimani nchi nyingi, na unasafiri na maji, na matope ya viatu, na vyura wenyewe wakihamishwa."

Niliketi. Kwa Kiswahili, ukungu ni ule unaoshuka mlimani asubuhi, na ukungu ni ule unaoota juu ya mkate. Ni neno moja. Nilikuwa nimesimama ndani ya ule wa kwanza miaka yote, nikiwa na furaha kama mtoto, huku wa pili ukiwa kwenye ndoo yangu. Nilitoa daftari langu la Kianjokoma kabatini. Nikaliweka kando ya picha. Mwalimu kijana alitazama mchoro, akatazama tarehe, akanitazama mimi.

"Ulichora hii kabla..." akasema, asimalize.

Nilikwenda kwa Mama Gatwiri jioni ileile. Alikuwa ameketi nje akichagua viazi vya mbegu, vyenye macho mazuri upande huu, vya kula upande ule.

"Mama Gatwiri, si dawa yako iliyoua vyura."

"Najua," akasema, bila kuinua uso.

"Ni ugonjwa. Na huenda ni mimi niliyeuleta." Nikamweleza yote: ndoo, siku ya wazazi, vyura wanne. Nikamfungulia daftari. Alifuta vidole kwenye leso kabla ya kugusa ukurasa, akaangalia viduara vile kwa makini, kisha akanirudishia.

"Siku ile ya baraza, ulijua?"

"Sikujua."

"Na ulisema."

"Nilisema kama mtu anayejua."

Aliendelea kuchagua viazi. Niliona mikono yake, ilivyopasuka kwa vibarua vya miaka mitatu. "Hiyo maneno," akasema hatimaye, "usiniletee mimi. Mimi nilikuwa najua tangu zamani. Wapelekee wale hawakujua."

Nilipomwambia Madam kwamba naomba ruhusa nikazungumze kwenye baraza, alifunga mlango wa ofisi. "Utajiharibia jina," alisema, "na la shule. Pengine huo ugonjwa ulikuja na watu wa kukata miti. Pengine na wachungaji, au na mto wenyewe. Huna ushahidi, Igoki."

"Sina, Madam. Sikuwa nao hata mara ya kwanza, na hakuna aliyeniuliza."

Alivuta karatasi. Kisha akaandika ruhusa, akaipiga muhuri.

Barazani naibu wa chifu alisema jambo lile lilikwisha zamani. Nilisimama hivyohivyo. Nilieleza ugonjwa ni nini, nikaonyesha mchoro wangu na picha, nikasema kwamba vyura waliendelea kufa baada ya kipande cha Mama Gatwiri kuachwa, na kwamba kila mtu pale alikuwa na macho, mimi wa kwanza. Halafu nikasema habari za ndoo. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Kumbe ni huyu wa Embu alituletea ugonjwa!" Wengine wakacheka, wengine hawakucheka. Mama mkwe wangu alitazama chini. Mama Gatwiri alikuwa ameketi mstari wa mbele, mgongo wake umenyooka, na wakati wote nikizungumza hakunitazama hata mara moja.

Alirudishiwa kipande chake siku ileile. Mvua zilipoanza aling'oa magugu, akapanda. Nilikwenda kumsaidia kulima, akanionyesha mstari wangu, tukalima hadi adhuhuri. Ilichukua muda mrefu kabla hajaniambia karibu chai.

Baadaye nilihamia shule ya mjini Meru, si mbali na soko la Gakoromone, na huko ndiko nilikomalizia kazi. Wakuu wa shule wanne walipita, mmoja baada ya mwingine. Nilikataa kukamata vyura tena, na kila mmoja wao niliona ananidhani mvivu mpaka nilipomweleza. Niliweka karai la maji ya klorini mlangoni, na darasa likitoka mtoni kila gambuti lilisuguliwa pale, likaanikwa juani likauka kabisa kabla ya kukanyaga mto mwingine. Wanafunzi walinung'unika. Niliwaambia sababu, kila mwaka, kwa kila darasa, tangu mwanzo, na habari za baraza sikuziruka.

Watu huniuliza kama ninaamini kweli ni mimi. Sijui. Kianjokoma ugonjwa ulikuwepo kabla yangu kujua, na Kibirichia ungeweza kufika kwa njia mia. Hakuna aliyepima kijito chetu, wala hatapima sasa. Nimezoea kuishi na neno "inaweza". Ni neno dogo, na nimejifunza kulitamka kwa sauti.

Sasa nimestaafu, nimerudi Kibirichia, na jioni nyingi huteremka hadi kwa Mama Gatwiri. Amezeeka, haoni vizuri, lakini kipande cha chini bado kinalimwa, na mjukuu wake analima kama yeye. Tunakaa kwenye gogo karibu na maji. Tukikosa la kusema tunasikiliza. Kijito kina sauti yake, nyembamba, ya maji yanayopita kwenye mawe, ambayo zamani hatukuwahi kuisikia kwa sababu ilikuwa imefunikwa na kelele za vyura. Mwezi uliopita walikuja wageni kutoka Nairobi kununua viazi. Mmoja wao, dada mwenye miwani, alishuka mpaka tulipokaa, akavuta pumzi, akafumba macho.

"Jamani," akasema, "hapa pametulia."

Mama Gatwiri akanipapasa mkono, akaushika.